Kompyuta yaganda kila niwashapo bando: kosa ni la mtandao au la mashine?

SWALI: Assalaam aleikum. Tuna kompyuta ya mezani nyumbani hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Tuliinunua ikiwa imeshatumika. Ina Windows 10, ramu (RAM) ya GB 4 na hadi diski (hard disk) ya GB 500. Nikiandika barua au nikichapa mitihani ya madrasa haina neno. Balaa huanza nikiwasha bando. Nikifungua iTax ya kodi au eCitizen ya huduma za serikali, au watoto wakitazama video za masomo, inaganda. Pengine mausi hutembea kwa kusuasua, halafu baada ya dakika moja au mbili inarudi. Pengine mausi haisogei kabisa, sauti inakwama ikirudia neno lile lile mpaka nizime kwa kubonyeza. Mchana huzidi kuliko usiku. Fundi alisema ni virusi, akapiga Windows upya. Ilitulia siku chache ikarudi pale pale. Kijana wangu asema mtandao wa huku kwetu hauna nguvu. Mimi nimefuta picha nyingi nikidhani imejaa. Je, nibadilishe mtandao, nipige Windows tena, au niitupe ninunue nyingine?

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Umeieleza vizuri sana, na ndani ya maelezo yako mna sehemu kubwa ya jibu. Umetaja kuganda kwa namna mbili: mausi inayosuasua kisha ikarudi, na mausi iliyokufa kabisa huku sauti imekwama. Watu wengi huziita zote kuganda, lakini hazina asili moja. Ya kwanza mara nyingi ni mashine iliyozidiwa na kazi. Ya pili ni mashine iliyosimama, na sababu huwa joto, ramu (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi), stima au kifaa kibovu. Inaelekea kompyuta yako inazo zote mbili kwa pamoja, ndiyo maana dawa moja haikufaa. Tafadhali usinunue chochote wala usimwite mtu kupiga Windows kabla ya kufanya vipimo nitakavyokueleza. Karibu vyote ni bure.

Kwanza tumalize habari ya mtandao. Mtandao dhaifu hauigandishi kompyuta. Ukurasa utachelewa, kiduara kitazunguka, video itasimama ikisubiri, lakini mausi itatembea kama kawaida na ukifungua Word itafunguka. Siku itakapoganda tena, chukua simu iliyo kwenye mtandao uo huo, fungua video ile ile. Ikicheza kwenye simu, mtandao hauna kosa. Kama mnatumia modemu ya kuchomeka, jaribu siku moja kuunganisha kwa hotispoti ya simu badala yake, kwa sababu modemu iliyochakaa au programu yake ya zamani inaweza kweli kuisimamisha mashine. Isipoganda siku hiyo nzima, umempata mchawi kwa gharama ndogo.

Virusi navyo si jambo la kukataa moja kwa moja, ila kupiga Windows upya kungeviondoa, na tatizo limerudi. Ilitulia siku chache kwa sababu Windows mpya haina mizigo: brauza (programu ya kuingilia mtandaoni) haina viongezo, hakuna programu zinazojiwasha zenyewe, masasisho bado hayajaanza kushuka. Baada ya siku chache vyote hivyo hurudi. Na picha ulizofuta, mama, pole. Picha hukaa kwenye hadi diski, na diski isipokaribia kujaa kabisa haiifanyi kompyuta igande. Ikiwa kuna nafasi ya GB 30 au 40 wazi, inatosha. Kama hukumwaga kapu la taka bado, picha zako zimo humo, zirudishe.

Sasa kwa nini mtandaoni tu? Kwa sababu kazi za mtandaoni ni miongoni mwa zile nzito zaidi zinazofanywa na kompyuta ya nyumbani. Kuchapa mtihani kunatumia sehemu ndogo tu ya ramu. Windows 10 yenyewe, ikiwaka tu, hushika kama GB 1.5 hadi 2 kati ya zile 4 zako. Brauza hufungua kila ukurasa kama programu inayojitegemea, hivyo kurasa tano au sita zenye picha na video zinaweza kumaliza kilichobaki. Ramu ikijaa, Windows haisemi imeshindwa. Huchukua vitu visivyotumika kwa wakati huo ikavihamishia kwenye hadi diski, na ukivihitaji inavirudisha. Hapo ndipo penye shida: ramu hujibu chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, lakini diski ya kuzunguka huhitaji kama sehemu moja ya mia ya sekunde kufikia kila kipande, na vipande huwa maelfu. Ile dakika moja au mbili ya kusuasua ni muda wa diski kuhangaika. Ukitega sikio karibu na kava (sanduku la kompyuta) utaisikia ikikwaruza, na kile kitaa chake kitakuwa kinawaka bila kupumzika.

Kuna na jambo la pili, ambalo hutokea zaidi kwa watu wanaotumia bando kuliko wenye mtandao wa kudumu. Kompyuta yako hukaa siku kadhaa bila intaneti. Siku ukiwasha, masasisho ya Windows, ya kinga ya virusi, ya brauza na ya programu nyingine, yote yaliyokuwa yakingoja huanza kushuka kwa mkupuo, dakika ile ile unayotaka kuingia iTax. Bando linaliwa, diski inabanwa, na wewe unaona kwamba "nikiwasha bando inaganda". Macho yako hayakukosea, ila sababu haiko hewani.

Hakikisha hivi. Kabla ya kuwasha bando, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager; kama ni ndogo, bonyeza "More details". Utaona safu za CPU (yaani prosesa, ubongo wa mashine), Memory (ramu), Disk na Network, kila moja na asilimia yake. Iache wazi, washa bando, fungua kurasa zako za kawaida, na utazame. Memory ikipanda kupita asilimia 85 au 90 na Disk ikafika 100, umepungukiwa na ramu. Memory ikiwa 60 tu lakini Disk imekaa 100 kwa dakika nyingi, nenda kwenye kichupo cha Performance, bonyeza Disk, utazame "Average response time". Makumi ya milisekunde ni sawa kwa diski ya kuzunguka. Ikicheza kwenye mamia, au ikafika maelfu bila kushuka, diski imechoka au inakufa. CPU ikiwa ndiyo iliyo 100 wakati wa video, hiyo ni habari nyingine, nitaifikia.

Diski inayokufa inahitaji haraka kuliko mengine yote, kwa hiyo nikuombe uipime leo. Pakua CrystalDiskInfo, ni bure. Ukiifungua itakuonyesha hali ya diski kwa rangi: buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Ikiwa njano au nyekundu, jambo la kwanza ni kunakili mitihani, hati na picha kwenye flashi au diski ya nje. La kwanza kabisa, kabla ya jaribio lolote la kutengeneza. Kuna mafundi ambao hukimbilia amri ya chkdsk yenye /r ili "kuitibu" diski. Amri hiyo hupekua kila sehemu ya diski kwa masaa mengi, na diski dhaifu inaweza kufia katikati pamoja na kazi zako. Nakili, kisha ndiyo mtengeneze.

Ikiwa diski ni nzima na tatizo ni kuzidiwa, anza na dawa za bure. Katika Task Manager fungua kichupo cha Startup, zima kila kisicho na haja ya kujiwasha. Kinga ya virusi iache. Kama kuna kinga mbili za virusi, ondoa moja, kwa sababu mbili hukagua faili lile lile na kuzuiana, na ile ya Windows yenyewe inatosha. Ingia kwenye Settings, Network & Internet, bonyeza jina la mtandao wako, kisha washa "Metered connection". Windows itaacha kushusha masasisho mengi bila ruhusa. Lakini usiiache hivyo daima: usiku mmoja kwa wiki, mkishalala, izime ili masasisho ya usalama yaingie. Kwenye Chrome, ingia Settings, Performance, uwashe "Memory Saver", kurasa zisizotumika zilale. Futa viongezo vya brauza usivyovijua. Na zoea kufungua kurasa tatu badala ya kumi. Kwa ramu ya GB 4 hilo lina athari kubwa kuliko programu yoyote ya "kusafisha kompyuta" utakayotangaziwa. Programu hizo usiziweke. Nyingi ni mzigo zaidi, na nyingine ndizo virusi vyenyewe.

Upande wa video za watoto, elewa hili. YouTube hutuma picha zilizofungwa kwa mitindo tofauti. Mitindo mipya, VP9 na AV1, hupunguza matumizi ya bando lakini huhitaji kufunguliwa kwa nguvu nyingi. Mashine mpya zina sehemu maalumu ya kufanya kazi hiyo. Za zamani zina sehemu inayojua mtindo wa kale wa H.264 tu, kwa hiyo prosesa hulazimika kufungua mitindo mipya yenyewe, picha kwa picha. Hii ndiyo CPU ya asilimia 100 niliyoitaja. Bonyeza video kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Stats for nerds", utazame palipoandikwa Codecs. Ukiona vp09 au av01, na hesabu ya "dropped frames" inapanda mbele ya macho yako, prosesa imeelemewa. Shusha ubora hadi 480p au 360p. Kwa somo la hesabu ubaoni 480p inasomeka vizuri, na bando litadumu.

Tukija kwenye dawa za kununua, ziko mbili tu ninazoweza kukushauri, nazo ni ramu na SSD. Kwenye kichupo cha Performance, bonyeza Memory, usome "Slots used". Ikiwa ni 1 of 2, una tundu wazi, unaongeza kipande kingine cha GB 4. Sharti kiwe cha aina ile ile: DDR3 haiingii penye DDR4, na ramu ya laptopu haiingii kwenye ya mezani. Kitoe kilichopo, piga picha kibandiko chake, upeleke dukani picha hiyo. Tazama pia kwenye Settings, System, About: pakiandikwa 32-bit, Windows hiyo haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 hata ukiweka 16, na itabidi iwekwe ya 64-bit kwanza. SSD ni diski isiyo na kitu kinachozunguka; ya SATA, inchi 2.5, GB 240 inawatosha. Ukiwa na fedha ya kimoja tu, na diski yako ya sasa ni nzima, ningeanza na SSD. Hata ramu ikijaa, kuhamishia vitu kwenye SSD ni kwa haraka mara nyingi zaidi, na ile dakika ya kusuasua hupungua ikawa sekunde chache. Jihadhari tu na SSD yenye ukubwa mno kwa bei ya kutupa. Bandia zipo, zinaandika ukubwa zisio nao na kupoteza faili.

Sasa ile kuganda ya pili, ya kufa kabisa. Hapa dalili yako ya mchana kuzidi usiku inanipa nguvu. Itakapokufa, bonyeza Caps Lock. Kitaa chake kikiwaka na kuzimika, mfumo bado uko hai ndani, subiri. Kisipobadilika, mashine imesimama kweli. Na mashine ya kale inayosimama mchana wa kaskazi, kwenye chumba chenye joto, mshukiwa wa kwanza ni joto. Joto la prosesa huanzia kwenye joto la chumba kisha hupanda juu yake, kwa hiyo nyuzi 6 au 7 za tofauti kati ya usiku na mchana huingia zote ndani ya kava. Pakua Core Temp au HWMonitor, za bure. Ikiwa mashine imetulia, 40 hadi 55 ni sawa. Kwenye video, 70 hadi 80 inavumilika. Ikipita 90, umemkamata. Karibu na 100 prosesa hujipunguza mwendo ili isiungue, na isipotosha huzima au husimama.

Zima, chomoa waya wa stima, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano ili umeme uliobaki umalizike. Fungua ubavu wa kava. Chini ya feni ya prosesa kuna chuma chenye mapezi membamba. Kwenye nyumba zetu mapezi hayo huzibwa na vumbi lililochanganyika na unyevu wa bahari mpaka likawa tabaka kama sufi, na feni inazunguka juu yake bure. Tumia brashi laini ya rangi ya inchi moja, kavu, na ushike mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Usitumie pampu ya kujazia upepo matairi, hutoa maji. Usitumie mashine ya kuvuta vumbi, huzalisha umeme tuli unaoua vipande. Safisha na feni ya pawasaplai (kile kisanduku kinachoingiza waya wa stima) kwa nje tu. Pawasaplai usiifungue, ndani yake hubaki umeme wa kudhuru hata waya ukiwa umechomolewa.

Ukiwa humo ndani, shughulikia na ramu. Hewa ya chumvi hula meno yake ya kugusia, na mguso ukilegea mashine husimama bila onyo. Gusa kwanza chuma cha kava, fungua vishikizo vya pembeni, chomoa kipande. Meno yakiwa na weusi au ukijani, yasugue taratibu kwa raba laini ya kufutia penseli, yapanguse kwa kitambaa kikavu, usiyaguse kwa vidole, kisha rudisha ukikandamiza mpaka usikie vishikizo vimelia pande zote mbili. Baadaye bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched.exe, ukubali iwake upya ipime ramu. Ikitaja kosa hata moja, ramu hiyo ibadilishwe.

Pia angalia stima. Kompyuta ikishiriki waya wa upanuzi mmoja na friji au pampu ya maji, kila mota inapoanza kuvuta nguvu, umeme hushuka kwa kitambo kidogo, na pawasaplai iliyochoka haivumilii. Ona kama taa hufifia wakati ule inapoganda. Ihamishie kwenye soketi yake peke yake.

Kama baada ya kusafisha joto bado linapita 90, gundi ya joto kati ya prosesa na chuma imekauka. Hapo mpelekee fundi, akusafishie ya zamani kwa spiriti na kuweka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, si zaidi. Mpelekee pia ukiona kwenye madabodi (ubao mkuu ulio ndani ya kava) vile vipipa vidogo vya fedha vimevimba kichwani au vimevuja, ukinusa harufu ya kuungua, au mashine ikijizima yenyewe hata baada ya kupoa. Diski ikitoa mlio wa kugonga, zima papo hapo usiiwashe tena; iende kwa mtu wa kuokoa data. Vipipa vikiwa vimevimba, mashauri yangu ni kuacha kutia fedha kwenye mashine hiyo.

Kuhusu kununua nyingine, kuna jambo la kulipima kwa haki. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, ambazo kompyuta nyingi za kale hazina. Mashine yako ikikosa, SSD na ramu zitaiharakisha lakini hazitaifanya salama kwa shughuli za fedha kwa miaka mingi. Njia ya kati ni kuweka Linux Mint ya Xfce, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao ni bure na hauhitaji kununua leseni. Watengenezaji wake wenyewe hutaja GB 2 za ramu kuwa kiwango cha chini na 4 kwa utulivu. Video, eCitizen na kuchapa vitafanyika. Kasoro yake ni kwamba fomu za Excel zenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) huenda zisifunguke sawasawa. Kama kodi unaijaza kwa fomu za namna hiyo, ifanye kwenye mashine nyingine. SSD utakayonunua haipotei, kwani siku ukipata kompyuta nyingine yenye nafasi ya SATA utaihamisha.

Ukilazimika kuipeleka Malindi kwa fundi, usibebe skrini, kibodi wala waya. Kava pekee linatosha. Nakili kazi zako kwanza. Lifunge kwa mifuko miwili ya plastiki kabla ya kupanda boti ya Mokowe, lisipigwe na maji ya chumvi, na kwenye basi liweke miguuni badala ya kwenye buti. Mwandikie fundi kwenye karatasi: asilimia za Memory na Disk ulizoziona, rangi ya CrystalDiskInfo, joto wakati wa video mchana na usiku, na kama Caps Lock ilijibu. Na umwambie waziwazi kwamba Windows isipigwe upya kabla hajakupigia simu.